Tegemezi wa Mwenye Kipaji

Benchi lenyewe lilikuwa kochi lililokufa. Sponji, fundi makochi, alilitoa nje ya karakana yake likiwa limebaki mbao na springi mbili zenye kinyongo, akalitandikia kipande cha zulia, na kabla gundi haijakauka wakaaji walikuwa wameshapatikana. Kontena, dereva wa malori mstaafu, aliyevuka mipaka mingi hadi akaamini ameichora yeye, alikalia upande wa springi. Chaji, fundi simu wa kibanda cha jirani, alikalia mkono wa kochi ili awahi kuruka akija mteja. Birika, muuza kahawa, hakukaa kabisa. Alisimama na jiko lake, akimimina kahawa na maoni kwa kipimo kimoja. Ng'ambo ya barabara ilikuwa saluni ya mke wa Sponji, na kupitia mlango uliokuwa wazi mgongo wake ulionekana umeinama juu ya kichwa cha mtu. Mchana huo Sponji alitoka karakanani na nyundo mkononi, akakaa, akasahau kuiweka chini.

— Nina rafiki yangu mmoja, alisema.

Kontena akamtazama Chaji. Chaji akamtazama Birika.

— Ana nini huyo rafiki?

— Mke wake anapata viza. Ile ya wenye vipaji.

— Na huyo mke wa rafiki yako, anasuka nywele?

Sponji akakohoa.

— Anasuka.

— Saluni yake iko mbali na hapa?

— Acheni hizo, bwana.

Walicheka mpaka springi ikalia. Birika akamwekea kikombe bila kuulizwa, dalili kwamba kesi imefunguliwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mke wa Sponji alisuka wateja kama wasusi wengine, lakini pia alisukia watu wa maigizo, na huko ndiko mikono yake ilikokuwa inafunguka. Aliwahi kumsuka malkia wa jukwaani nywele zilizopanda kama ngazi, na juu ya ngazi akaweka mlango mdogo unaofunguka. Picha zilisafiri kuliko yeye. Jumba la maigizo la nchi ya mbali likamwita, na jopo la wasanii wa huko likakaa, likatazama, likakubali: hiki ni kipaji. Ilibaki kutuma maombi ya viza yenyewe, na angeyatuma jioni hiyo. Asubuhi, chai ikiwa mezani, alimgeuzia mumewe simu na kumwambia: "Mwenzi anaruhusiwa kufuatana nami. Nikuweke, nisikuweke?" Sponji akasoma. Kwenye jina la mkewe pameandikwa msanii mwenye kipaji cha pekee. Mahali pa mume pameandikwa neno moja tu: tegemezi. Akasema, "Nitakujibu." Tangu hapo alikuwa anapigilia misumari, nayo inapinda.

— Tegemezi! alisema Kontena, akilionja neno kama kahawa iliyoungua. Ndugu yangu, wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Cha nduguye, alisema Chaji. Mke si ndugu. Cha mkewe unategemea tu, hufi.

— Nani kakwambia mke si ndugu?

— Kama ni ndugu, basi ndoa yake ina matatizo makubwa kuliko viza.

— Mimi nawaambia nilichokiona, alisema Kontena. Mpakani kuna mistari miwili. Wenye kipaji huku, wategemezi kule. Wenye kipaji wanapita wanasalimiwa. Tegemezi anaulizwa: wewe unamtegemea nani? Unamwonyesha kwa kidole. Yule akikasirika siku hiyo, akisema simjui huyu, umebaki hapo hapo na begi lake mkononi.

— Begi lake? aliuliza Sponji.

— Tegemezi ndiye anayebeba begi. Sheria ya kimataifa.

— Tena kuna chumba, alisema Birika akimimina. Mteja wangu mmoja aliniambia. Mnaingizwa mume chumba hiki, mke chumba kile. Mume anaulizwa: mkeo analalia ubavu gani? Anapenda chai yenye majani mengi au machache? Ukikosea moja, wanajua ulifuata viza, hukufuata mke.

— Hayo nayajua, alisema Sponji.

— Unayajua leo. Ukiwa mbele ya mtu mwenye tai utayajua?

Chaji alikuwa ameshatoa simu, si yake, ya mteja.

— Mnapoteza muda. Siku hizi ni mashine. Unaweka vidole kwenye kioo, mashine inasoma kama una kipaji au huna. Ya shemeji itawaka kijani, yako itawaka nyekundu, watu wote ukumbini wageuke. Huna pa kuficha uso.

— Kwa hiyo asiende? aliuliza Birika.

— Jogoo wa shamba hawiki mjini, alisema Kontena kwa uzito.

— Ndiyo, lakini huko ndiko anakochinjwa, alisema Chaji, na hakuna aliyejua kama hilo lilikuwa la kumsaidia Sponji au la kumtisha.

Sponji alicheka nao, kwa maana ukikaa kijiweni usipocheka unachekwa. Lakini macho yake yalikuwa yanavuka barabara. Mkataba wa mkewe ulikuwa wa miaka mitatu. Alijaribu kuiona ile nyumba yao ya vyumba viwili ikiwa na mtu mmoja ndani: redio anayeizima ni yeye, dirisha analolifunga ni yeye. Halafu akajaribu kujiona huko ugenini, watu wakimuuliza kazi yake, naye hana karakana wala sindano, ana jina moja tu alilopewa na karatasi. Tangu ujana wake hakuwahi kuitwa tegemezi. Hata alipokuwa hana kitu aliitwa fundi.

— Sikilizeni, alisema Kontena, akasimama. Dawa ya moto ni moto. Sponji asiende kama tegemezi. Aende kwa kipaji chake mwenyewe.

— Kipi? aliuliza Sponji.

— Makochi! Kochi si sanaa? Nani hapa aliwahi kukalia kochi la Sponji akainuka?

— Mimi niliinuka, springi ilinichoma, alisema Birika.

— Hiyo ndiyo sanaa. Sanaa lazima iguse mtu.

Chaji akaruka kutoka mkono wa kochi, akamwamuru Sponji asimame kando ya kiti kilichokuwa kinasubiri kitambaa, nyundo juu, kidevu juu, amtazame mtu wa mbali. Akapiga picha. Kontena akasema sura hiyo ni ya mtu anayedaiwa kodi, airudie. Birika akapendekeza avae koti la Kontena, ambalo halikufunga kifungo. Wakampa na jina jipya: mchongaji wa mikao. Ndani ya dakika chache Sponji alikuwa ameshafanya maonyesho katika miji ambayo Kontena alikuwa ameipitia usiku tu, akiwa na mzigo wa saruji.

— Na jopo likiuliza anayemfahamu ni nani?

— Sisi! Mkono mtupu haulambwi, tutatoa ushahidi.

— Mkono mtupu unaingiaje hapo?

— Utaingia tu. Wewe mimina kahawa.

Katikati ya hayo alikuwa ameshafika bibi mmoja. Hakuwa mtu wa mtaa ule; alifuata kiti chake cha kuegemea kilichokuwa kinabadilishwa mikanda ya chini. Sponji, na koti lake lisilofunga, alimwamkia shikamoo, akaomba radhi kiti bado kidogo. Bibi akaitikia marahaba, akakaa mwisho wa kochi, mbali na springi, akapokea kahawa. Wakamsimulia kesi yote, naye akasikiliza hadi mwisho wa kikombe: jopo, mashine, mistari miwili, mchongaji wa mikao. Kisha akaangalia ng'ambo, mahali msusi alipokuwa amesimama mlangoni akinyoosha kiuno, kichwani mistari yake myembamba imekwenda nyuma, imekutana kisogoni bila hata mmoja kupotea njia.

— Wanangu, alisema, huyo ndiye mwenye kipaji?

— Ndiye, bibi.

— Anasuka watu wote hao. Yeye anasukwa na nani?

Kontena akafungua mdomo kwa mazoea. Akamtazama Chaji. Chaji akamtazama Birika. Miaka yote walikuwa wamekiona kichwa kile kikipita mbele yao na mitindo yake, leo hivi, wiki ijayo vile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza.

— Labda ana mwenzake wa saluni ya chini, alisema Chaji.

— Saluni ya chini hawajui kusuka vile, alisema Birika. Hata binti yangu alilia alipotoka huko.

— Anajisuka mwenyewe, aliamua Kontena. Mbele ya kioo.

— Kinyozi hajinyoi, mwanangu, alisema bibi. Kisogo hakina macho.

Sponji alikuwa ameinamisha uso. Masikio yalikuwa yamepata joto.

— Mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Namsuka mimi.

Kontena akamtazama mikono.

— Wewe? Na vidole hivyo?

— Vidole hivi ndivyo vinavyopitisha uzi kwenye ngozi ya kochi, sembuse nywele. Zamani aliumwa bega, hakuweza kuinua mkono. Akanikalisha kitandani, yeye akakaa chini, akaniambia gawa, kunja, vuta, usinivute ubongo. Mara ya kwanza alifunga kitambaa wiki nzima. Bega likapona. Siku ya kufumua ikafika, nikadhani ataenda kwa wenzake. Akaja akakaa pale pale, akaniletea kitana.

Akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kitu kizuri kuliko anavyostahili:

— Ile ngazi yenye mlango, alishindwa jinsi ya kuufanya mlango ukae. Tuliijaribu kwanza kichwani kwake. Mimi ndiye niliyeshona bawaba.

Kontena alikaa polepole. Alimwangalia rafiki yake kama mtu aliyegundua kwamba nyumba ya jirani ina ghorofa ya pili.

— Miaka yote hii, alisema, na hukutuambia.

— Ningewaambia mngeninyamazia?

Walifikiri kwa haki. Hawangenyamaza.

— Sasa huko, aliuliza Birika, tegemezi atakuwa nani?

Chaji akasema kila mtu atamtegemea mwenzake kwa zamu, kama redio ya betri mbili. Kontena akatafuta methali, akakosa, na kwa mara ya kwanza akaona hakuna hasara.

Sponji akavua koti, akamrudishia mwenyewe, akamwambia bibi, "Niwie radhi, mama, nakuja kumalizia kiti chako sasa hivi." Akavuka barabara. Wote wanne walinyoosha shingo.

Saluni ilinuka mafuta na nywele zilizopashwa moto. Mkewe alikuwa amesharudi kwenye kichwa cha mteja, uzi mweusi umebanwa kwenye meno, hakugeuka. Lakini aliujua mlio wa viatu.

— Niweke, alisema Sponji.

Vidole vya mkewe vikasimama. Akautoa uzi mdomoni.

— Umeliona lile neno?

— Nimeliona. Niweke hivyo hivyo.

Mteja kwenye kiti, ambaye hakujua anawekwa nani wala wapi, alitabasamu kwenye kioo kwa sababu msusi alikuwa anatabasamu. Msusi akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, vumbi la mbao, nyundo aliyokuwa bado ameishika.

— Basi kapige picha, alisema. Wanataka uso mtupu, usicheke. Na uvae shati lenye kola, lisilo na gundi.