Swali la Kumi la Binti wa Mkasi

Benchi lipo nje ya baa ya Mama Qiu, hapo Prato, Italia, kwenye mtaa wa Wachina ambao cherehani hazinyamazi. Wanaolikalia ni wale wale: Zipu, anayeuza zipu kwa jumla na maneno kwa rejareja, Kikokotoo, aliyefundisha hesabu kwao Wenzhou, China, muhula mmoja na mpaka leo hajamaliza kuusimulia, na Mkasi, mkata vitambaa, ambaye leo hata kahawa haimshuki. Mwalimu wa binti yake, Ruoxi, amemwita shuleni saa kumi, na kwao mzazi haitwi shuleni kwa jambo la heri. Mtihani wa hesabu ulikuwa na maswali kumi. Tisa Ruoxi kapata yote. La kumi kaliacha jeupe, mtoto ambaye hajawahi kuacha nafasi tupu tangu ajue kushika penseli. Mke wa Mkasi kamwambia kwamba jana mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua, na sababu hasemi.

— Hebu lirudie hilo swali, alisema Kikokotoo.

Mkasi alishalikariri.

— "Tunga swali la hesabu kuhusu nyumbani kwenu, kisha ulijibu."

— Mtoto ndiye atunge? Kikokotoo nusura amwage kikombe. Sasa mwalimu analipwa kwa kazi gani?

— Yamemwishia, alisema Zipu huku akitema maganda ya mbegu za alizeti. Huyo mama kaishiwa maswali, basi.

— Acha zako! Namba hazina mwisho.

— Namba hazina mwisho, mwalimu anao.

Mkasi aliwatazama kwa zamu. Alikuwa amekuja kutafuta la kumwambia mwalimu, na mpaka sasa hajapata hata salamu.

— Sikiliza, Mkasi, Kikokotoo alimsogelea. Hawa wanavuna. Watoto wetu wanatunga maswali, wao wanachapa vitabu, halafu vitabu tunauziwa sisi. Mtu anakula kuku wako na mchuzi anakuuzia!

— Wee nawe! Zipu alishusha sauti, akaangalia huku na huku. Mnaona hesabu hapo? Someni vizuri: "kuhusu nyumbani kwenu." Huo ni ukaguzi! Mtoto anaandika, mama ameshona suruali mia, kila suruali dakika kadhaa, je, alilala saa ngapi? Keshokutwa wanaume wenye mafaili wako mlangoni.

Mkasi aliweka kikombe chini. Ni kweli, yeye mwenyewe alimwonya Ruoxi: ya nyumbani yabaki nyumbani. Kumbe mtoto katii! Alijisikia fahari, kifua kikampanda. Kisha akakumbuka kilio, fahari ikamtoka.

— Kama katii, mbona amelia?

— Alama, alisema Kikokotoo. Tisa! Hata mimi ningelia.

— Mimi sikusema lolote kuhusu hiyo tisa.

— Ulimtazama?

— Nitamtazamaje, alikuwa amelala.

Hapo akafika Cuilan, mpiga pasi mgeni, hajamaliza hata wiki mbili mjini.

— Kaka zangu, nisogezeeni kidogo. Mbona mko kama msibani?

Wakamweleza, wote watatu kwa pamoja. Cuilan akachota mbegu za Zipu bila kuomba.

— Sasa hilo ndilo gumu? Si mtunge moja hapa hapa, kaka aende nalo.

— Kazi ndogo sana hiyo, alisema Kikokotoo. Treni mbili zinatoka...

— Nyumbani kwako kuna treni?

— Nyumbani kwangu kuna mimi tu, alisema Kikokotoo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuendelea.

— Mimi nina zipu elfu mbili, alianza Zipu.

— Hizo ziko dukani. Haya, kaka Mkasi, wewe ndiye mwenye mtoto.

Mkasi alikohoa. Alikata vitambaa vya maelfu ya watu bila kukosea, swali moja la mtoto lingemshinda?

— Baba anarudi kutoka kiwandani, binti amelala. Binti anaenda shule, baba amelala. Binti anarudi, baba ameshatoka. Jumamosi binti yuko darasa la ziada, la hesabu. Jumapili baba yuko kiwandani, binti anafanya mazoezi ambayo baba kamwachia mezani...



— Ehe, alisema Cuilan akitafuna. Halafu? Swali lenyewe ni lipi?

Zipu akainama kukagua kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

— Sijui, alisema Mkasi.

Neno hilo lilikuwa marufuku mezani kwake. Ruoxi akilitamka mbele ya hesabu, aliongezewa ukurasa mzima. Mkasi alilisikia likitoka kinywani mwake mwenyewe.

— Utamwambia nini mwalimu sasa? aliuliza Zipu.

Mkasi alikuwa ameshainuka.

— Hilo hilo, kwamba sijui, alisema. Lakini kwanza namwambia Ruoxi.