Mama Ukosi na Lebo Nyeusi Iliyopelekwa Bei Chee

Ndugu jamaa, majirani, mafundi wenzetu, wateja wa zamani na wateja wa juzi, na wewe bwana wa maduka ya Bei Chee uliyekaa safu ya tatu na mkoba magotini, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba, mpiga pasi wake kwa miaka thelathini na tatu, na familia imenituma nisome habari za maisha yake kwa sababu sauti yangu inafika nyuma bila kipaza sauti, na pia kwa sababu, hata wasionipenda watakubali, hakuna koti lililotoka katika karakana ile bila kupita chini ya mkono wangu. Wamenionya nisitie chumvi, nimeahidi, na tarehe zote zimehakikiwa na binti yake. Bwana wa Bei Chee anataka kujua kama familia itawauzia lebo ya marehemu moja kwa moja, wawe nayo milele, na uamuzi huo marehemu aliniachia mimi. Jibu limo humu ndani, bwana, tulia usikilize.

Marehemu dada yetu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mlinzi wa ghala, na mama aliyeletewa mashati ya kiwandani kwa mafungu ayashonee vifungo, kazi aliyoifanya miaka ishirini akiwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Dada alishika sindano akiwa na miaka sita, na kifungo chake cha kwanza alikishona kwenye shati la baba, shati likachakaa, likageuka tambara la kufutia taa, tambara nalo likaisha, kifungo kikabaki na uzi wake, na asiyeamini aje nyumbani nimwonyeshe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaingia chuo cha ushonaji mwaka 1972 na kuhitimu Novemba 1974, akiwa wa pili darasani, na huyo wa kwanza mpaka leo nina wasiwasi naye, kwa sababu alikuwa mpwa wa mwalimu. Januari 1975 aliajiriwa na fundi mmoja wa suti aliyejulikana kama Mzee Chaki, mtu mkali, ambaye mwaka mzima wa kwanza hakumpa sindano, alimpa wembe wa kufumulia, afumue makoti ya watu wengine ajue yalivyokosewa. Huko ndiko alikojifunza kukata ukosi, yaani kola, usimame shingoni bila kukaba na bila kuachia, na huko ndiko alikopata jina la Mama Ukosi, kabla hata hajawa mama.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi wa mashine za kupiga chapa, shemeji yetu mpole, aliyetutangulia mwaka 2009, na walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 7 Mei 1983, ambaye ndiye mkataji wetu leo, na mkono wake mnaujua.

Karakana ilifunguliwa tarehe 1 Juni 1984, ghorofani, juu ya duka la miwani, ngazi kumi na tisa, dirisha moja la barabarani, meza ya kukatia, na vioo viwili vinavyotazamana. Mwaka 1987 dada alianza kutumia lebo yake, kitambaa cheusi cha upana wa vidole viwili, kisicho na maandishi, kina mchoro wa ukosi tu kwa uzi wa dhahabu, na watu wakaiita Lebo Nyeusi. Naomba wageni waelewe utaratibu wetu, kwa maana mambo yote yanazunguka hapo, kwamba koti likikamilika halikupewa lebo papo hapo, kwanza mwenye koti alisimama kati ya vioo viwili, akainua mikono juu mara tatu kama mtu anayeanika nguo, dada akatazama ukosi kwa nyuma, ukipanda hata upana wa uzi koti lilirudi mezani, usipopanda aliketi akashona lebo pembe nne, mishono saba kila pembe, mwenyewe akisubiri kwenye kiti. Nimemwona hakimu mzima wa mahakama akiinua mikono kama aliyekamatwa na polisi, na dada akimwambia bila kupepesa macho, "Tena, mheshimiwa, umeinua kivivu." Watu walisubiri miezi tisa kupata koti, wakawa wananiamkia mimi barabarani ili niwasogeze mbele, na sikatai, wawili watatu niliwasogeza.

Aprili 2017 alikuja mnunuzi mkuu wa Bei Chee, yale maduka yanayouza magodoro, mabeseni na ndala, akapanda ngazi zetu na tabasamu la kutosha watu sita, nami nilimtilia shaka papo hapo kwa sababu viatu vyake havikutoa sauti hata kwenye ile ngazi ya nane ambayo inamlalamikia kila mtu. Alitaka dada awakatie mfano wa koti, wao washone kiwandani kwao na kuuza madukani mwao, kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeiweza, na lebo yetu shingoni. Tuliketi watatu kujadili, dada, binti yake na mimi, nikasema, "Dada, ukitundika koti lako kando ya beseni, yule hakimu atavaa nini?" Akasema, "Atavaa koti, Askari wangu," maana aliniita Askari kwa ajili ya macho yangu, "kwani sasa hivi anavaa lebo?" Nikamjibu, "Ndiyo, dada, anavaa lebo, koti lenyewe ni la kushikilia lebo isianguke!" Binti alicheka mpaka chaki ikamdondoka, lakini dada hakucheka, alisema, "Mama alishona vifungo vya nguo za watu miaka ishirini, na hakuwahi kuvaa nguo iliyomkaa mabegani," na mjadala ukaishia hapo.

Alikubali kwa sharti moja, kwamba Bei Chee wasishone lebo wao, kila koti liuzwe na lebo ndani ya bahasha mfukoni, na aliyelinunua apande ngazi zetu ashonewe. Wakubwa wa Bei Chee walidhani ni utani, wakatia saini. Makoti yaliingia madukani Jumamosi tarehe 2 Septemba 2017, na Jumatatu asubuhi foleni ilianzia kwenye vioo, ikashuka ngazi zote, ikapita duka la miwani hadi kona, madereva, makarani, walimu, kila mmoja na koti mkononi, na dada aliwafanyia wote kama alivyomfanyia hakimu, penye kasoro akafumua na kurekebisha. Mfagiaji wa benki aliuliza, "Mama, nainua mpaka wapi?" dada akamwambia, "Mpaka unapofikisha ufagio kwenye utando wa buibui," na ukosi wake haukupanda hata kidogo.

Sasa nitasema jambo ambalo mwakilishi mpole zaidi angeliruka. Meneja wa benki hiyohiyo alikuja kupimwa suti, akakutana na mfagiaji wake anashuka, lebo shingoni, akasimama kwenye ngazi ya kumi na moja, akageuka, na wiki iliyofuata alituma makoti yake sita tuyatoe lebo, nami niliyafumua kwa mkono wangu. Wengine walimfuata kimyakimya, miezi tisa ya kusubiri ikawa siku tisa, kwa hiyo anayeniuliza kama lebo ilipoteza hadhi kwa kwenda Bei Chee, namjibu kwamba ilipoteza, nilikuwepo, niliiona ikishuka ngazi.

Lakini mimi si mtu wa kuridhika na nilichoonyeshwa. Mke wa yule hakimu alikuwa ametangaza kwenye karamu kwamba hatakanyaga tena kwetu, nikahisi anatangaza kwa nguvu mno, basi Jumamosi tatu mfululizo nilikwenda Bei Chee nikajibanza nyuma ya rundo la mabeseni, na Jumamosi ya tatu alikuja, miwani myeusi usoni, akavaa koti letu la kahawia, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua mikono mara tatu kati ya masufuria. Aliniona. "Wewe mpiga pasi, unanifuata?" "Hapana, mama, nimekuja kuchukua beseni." "Basi lichukue, na hukuniona." "Sikukuona, mama, ila la kijivu lingekukaa vizuri zaidi." Akachukua la kijivu. Bahasha aliileta dereva wake, dada akaikataa, akasema aje mwenye mabega, na mwenye mabega alikuja kwa teksi saa saba mchana, watu wakiwa wameenda kula.

Mwezi Februari 2019 mtu mmoja alileta koti la Bei Chee nimpigie pasi tu, akasema lebo tayari anayo, na kweli ilikuwapo, lakini mvuke ulipoifikia kona moja ilijikunja, nikasikia harufu ya gundi, harufu ambayo mpiga pasi hahitaji kuambiwa. Lebo ilikuwa imebandikwa kwa joto, huko huko kiwandani kwao, pasipo kioo wala mabega ya mtu. Niliibandua, nikaitia ndani ya kisanduku cha kiberiti nikampelekea dada, naye akasema, "Askari, umeanza." Sikumlaumu sana wakati ule, kwa maana nilikuwa nimeshamtuhumu muuza nyuzi kwamba anapunguza uzi kwenye vibiringo, nimemtuhumu bwana wa duka la miwani kwamba anatusikiliza kupitia dari yake, nimemtuhumu mkwe wa dada kabla hajawa mkwe, na huyo leo ndiye aliyepanga viti hivi. Dada alimuuliza mnunuzi mkuu kwa simu, akajibiwa, "Mama, hilo haliwezekani," akaamini, akaniambia kwamba labda niliiunguza mwenyewe na pasi yangu. Neno hilo liliniuma kuliko pasi yoyote. Foleni ikafupika mwaka hadi mwaka, dada akadhani watu wamechoka ngazi, mimi nikajua kwa nini, na miaka minne nilipiga pasi nikiwa nimenuna.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Juni 2021, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 4 Agosti 2023 alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Alhamisi tarehe 5 Oktoba, muuguzi wa zamu ya mchana alitundika koti lake mlangoni, dada akaliona ni letu, akaomba aletewe alishike. Alipitisha kidole chini ya lebo, akakwangua kona kwa ukucha, akasema, "Hii imebandikwa." Muuguzi akasema, "Nililinunua hivyohivyo, mama, Bei Chee. Kwani kuna nyingine?"

Dada alinitazama. Nilikuwa nimelisubiri jicho hilo kwa miaka minne, na lilipokuja sikulitaka. Akasema, "Askari wangu, nilikuonea."

Aliagiza sindano, akamsimamisha muuguzi kati ya kitanda na toroli la dawa, akamwambia ainue mikono, ukosi ukapanda vidole viwili, kwa hiyo binti akafumua mabega palepale na kuyaachia, akaibandua lebo, na dada akaanza kuishona upya, pembe moja, mishono saba, mchana mzima, na pembe tatu akazimalizia binti. Jioni nilimuuliza kuhusu mkataba, ambao ulikuwa ufe pamoja naye, na Bei Chee walikuwa tayari wanataka mwingine, akasema, "Utaamua wewe, kwa sababu katika familia hii ndiwe usiyemwamini mtu." Alifariki Jumanne tarehe 10 Oktoba 2023, saa tano na dakika arobaini asubuhi, binti yake na mimi tukiwa kando yake, na Jumatano, viti havijapangwa, bwana huyu alifika na karatasi.

Bwana, nimezisoma, kurasa zote kumi na mbili, na mimi si mtu wa shule nyingi lakini nasoma polepole na sirukii mistari. Nakiri kwamba niliyachukia mabeseni yenu bure, kwa sababu koti lilitundikwa kando ya mabeseni na bado hakimu na mfagiaji walilitaka, lakini sikuichukia gundi yenu bure. Jibu la familia ni hapana, si kwa mwaka mmoja, si kwa duka moja, na nalisema mbele ya umati huu wote kwa sababu barua hupotea na simu hukatika, na nataka mashahidi. Wenye makoti yaliyobandikwa, najua mmo humu, nimeona kola tatu tangu nianze kusoma, karakana inafunguliwa Jumatatu saa tatu, binti atawashonea bila malipo, nami nitakuwa mlangoni nikimtazama kila anayepanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi mwenye koti, aliyesimama na mikono juu zamu yake ikiwa imekwisha, inawashukuru majirani kwa chakula, maji na viti, mafundi wenzetu waliofunga karakana zao leo ili waje, mkwe wetu ambaye namwomba radhi, na bwana wa duka la miwani ambaye pia namwomba radhi, ingawa lile tundu la dari yake bado sijalielewa.

Lala salama, dada yangu. Lebo yako haiendi popote.