Nilivyomkalisha Tajiri Mkekani Kibuta

Shikamooni wazee wangu. Vijana wenzangu, mambo vipi. Mama mwenyekiti kaniita nitoe ushuhuda, na kaninong'oneza nisitaje jina la mtu. Sawa, sitaji. Ila kama humu yumo anayemjua, amfikishie.

Nianze na ukweli: mimi nina hasira. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja ngumi.

Nina mshkaji wangu, tumekua wote Kibuta. Tumelima mihogo pamoja, na kompyuta tumejifunza wenyewe, kwa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Chuo hatukukiona. Tukapata kazi Kibaha kwa tajiri mmoja anayeuza intaneti. Mshkaji anapanda juu ya paa kufunga vifaa na kuvipa anwani, mimi niko chini natengeneza programu.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni hapa, si vigumu. Kila kifaa kwenye mtandao kina anwani: namba nne zenye nukta katikati, na hakuna inayoruhusiwa kuzidi mia mbili hamsini na tano. Watu wengi wakikagua anwani wanaishia hapo. Namba ziko nne, hazijazidi, pita. Mimi nikaona haitoshi, kwa sababu mtandao ni kama shamba lililopimwa viwanja. Kiwanja cha kwanza hakijengwi, ndicho kinachobeba jina la shamba. Cha mwisho nacho hakijengwi, pale ni pa kupigia tangazo la wote. Na ukilikata shamba nusu kwa nusu, kila nusu inataka cha kwanza chake na cha mwisho chake. Mzee pale anatikisa kichwa, wewe wa viwanja umenielewa. Basi programu yangu ukiipa anwani na ukubwa wa shamba, inapiga hesabu: linaanzia wapi, linaishia wapi, na huyu wako kakaa panapokalika au hapana.

Mshkaji akafunga mtandao kwenye zahanati moja Soga. Ukafanya kazi vizuri tu. Halafu asubuhi moja kompyuta kubwa yenye mafaili ya wagonjwa ikapotea, nyingine zote haziioni. Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Tajiri akaja, akaangalia anwani, akasema iko sahihi. Akamgeukia mshkaji mbele ya watu wote.

"Huyu kaihujumu makusudi, ili aitwe kila siku alipwe posho. Mwizi huyu. Ondoka."

Nyie mnajua maneno yanavyosafiri. Yakafika Kibuta, na Kibuta mshkaji alikuwa ameshapeleka barua ya posa. Ikarudishwa. Mjomba wa binti akamwambia, "Kijana, wewe hatukukatai. Tunakataa hilo jina. Aliyelichafua, alisafishe huyohuyo, ndiyo urudi."

Mshkaji akaingia porini kuchoma mkaa. Mimi nikachukua spana, nikaenda dukani kwa tajiri, nikavunja kibao chake. Nikalala mahabusu, kazi nikapoteza. Nilipofika nyumbani mama akaniuliza, "Posa imepokelewa?"

"Hapana, mama."

"Basi umevunja kibao."

Nawaambia, hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Nilikuwa siongei na mtu, silali, nawaza kisasi tu. Pasiwedi za mitambo ya tajiri nilikuwa nazo bado, hakuzibadilisha. Nikamfuata mshkaji porini, nikamwambia nawazimia intaneti wateja wote wa tajiri, kuanzia Maili Moja mpaka Magindu.

"Ukizima nitakuwa mwizi mara mbili," akasema.

"Kausha. Nakufanyia wewe hii."

"Basi nifanyie nyingine."

Sikumsikia. Nikaingia kwenye mitambo. Nikaanza na ile zahanati, nikaipa programu anwani ya kompyuta kubwa, na ukubwa wa shamba kama mtambo ulivyouonyesha, ili nijue shamba linaishia wapi, nilifunge lote. Programu ikagoma: hii haiwezi kupewa kifaa, ni ya tangazo. Nikadhani nimekosea kuiandika. Nikapiga hesabu kwa mkono, kwa mkaa, ukutani kwa mama. Jibu lilelile. Anwani ilikuwa inaishia na mia moja ishirini na saba. Kwenye shamba zima hicho ni kiwanja kama vingine, na ndivyo mshkaji alivyokigawa. Lakini shamba lilikuwa limekatwa nusu, na kwenye nusu ya kwanza hicho ndicho cha mwisho. Namba haikuguswa. Aliyekata shamba ndiye aliyeivunja nyumba.

Nikafunga kompyuta bila kuzima kitu. Msinipigie makofi, sikuwa mwema. Nilikuwa nimepata silaha kubwa zaidi.

Nikaenda kwa mama mwenye zahanati, nikamwomba amwite tajiri. Akaja, mabenchi yamejaa vilevile, mafaili bado hayaonekani.

"Bosi, hii anwani ni sahihi?"

"Nilishasema sahihi."

"Kwenye shamba lote, au kwenye nusu?"

Nikamwonyesha.

"Nani alilikata?"

"Si ni huyo mwizi mwenzako?"

Mama mwenye zahanati akavua miwani. "Baba, siku moja kabla mafaili hayajapotea ulikuja wewe na ngazi. Ulisema unamuunganishia jirani wa gesti. Ngazi nilikushikia mimi."

Kumbe nusu ya pili kamkatia huyo jirani. Nikabadilisha ile namba ya mwisho hapohapo, mafaili yakafunguka. Bibi mmoja kwenye benchi akacheka mpaka akakohoa. Tajiri akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, yaishe. Mwambie arudi kazini."

"Kazi yako hataki. Unamjua mjomba wa binti, kule Kibuta?"

"Simjui."

"Unakwenda kumjua."

Akataka kubisha. Mama wa zahanati akamwambia, "Nenda Kibuta, au shusha vyombo vyako juu ya paa langu." Akaenda.

Ndugu zangu, nimeshakula pilau za harusi nyingi, hakuna tamu kama siku ile. Tajiri kavua viatu, kakaa mkekani, jasho linamtoka. Na mimi nimekaa mbele yake makusudi, nakunywa chai polepole.

Mjomba akauliza, "Nani mwizi?"

"Hakuna mwizi, mzee."

"Nani aliharibu?"

"Ni mimi."

"Sikio langu hili halisikii vizuri."

"Ni mimi, mzee."

Akamtaka arudie mara ya tatu, mpaka majirani wakasikia. Posa ikapokelewa jioni hiyohiyo.

Namshukuru mama wa zahanati aliyesema alichokiona. Namshukuru mama yangu. Namshukuru mshkaji aliyenikatalia nilipokuwa kichaa.

Mama mwenyekiti aliniomba nimalizie kwa kusema nimemsamehe yule bwana. Sijamsamehe, siwezi kuwadanganya. Funzo langu ni hili: ukichafuliwa mbele ya watu, usikubali kuombwa radhi chumbani. Hakiki ukweli wako mara mbili, halafu mpeleke aliyekuchafua kwa walewale aliowalisha uongo.

Harusi ni baada ya mihogo kutoka shambani, wote mmealikwa. Tajiri kadi yake nimempelekea mwenyewe, mkononi. Nimemwekea kiti cha mbele kabisa, ubavuni kwa mjomba.