Sururu Iliyotikisa Magongo

“Sururu moja ya chuma yaweza kutikisa mji mzima?”

Kache aliuliza hivyo Jumatano asubuhi, mwaka uliofuatia kumalizika kwa vita vikuu vya pili, mbele ya benchi la kahawa la Mwinyihaji pale Magongo. Jumatatu ardhi ilikuwa imetetemeka, kitambo cha kuhesabu kumi tu. Saa ile Fondo, mchimba visima, alikuwa pima sita chini, ndani ya kisima cha Mbeyu, mamake Kache. Alipanda mbio, akaapa kwamba alipiga sururu mara moja na dunia ikaitika. Wazee wa benchi wakahukumu: kisima kifukiwe Alhamisi. Ilibaki pima moja tu wafikie maji! Kache, aliyekuwa likizo kutoka shule ya misheni alikosomea ualimu, alikuja kumrudisha Fondo kazini.

— Mwanangu, keti unywe kahawa, akasema Mwidani, ambaye walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

— Sikuja kunywa, baba. Shangazi yangu kavuka feri jana. Likoni nako vyombo vilianguka saa ile ile. Sasa kisima chetu kimefikaje Likoni?

Wazee wakatazamana.

— Wallahi, Fondo, akasema Redio, sururu yako si mchezo! Mpaka ng'ambo!

Fondo akainamisha kichwa kwa haya, lakini mabega yalimpanda. Tangu Jumatatu watu walimnunulia kahawa, kikombe chake hakikukauka. Kache akasaga meno.

— Mimi nawaambia ni Kilimanjaro, akasema Mwarandu, aliyetia mafuta magurudumu ya treni na kwa hivyo akaitwa Injinia. Mlima ule ni jiko. Jiko lina bomba. Fondo katoboa bomba. Udongo haukuwa moto, Fondo?

— Moto kabisa! Jasho lilinitiririka.

— Baba Fondo, uko shimoni tangu alfajiri, upepo hauingii, unapiga sururu. Ulitaka utoke na barafu? Volkano ni mwamba ulioyeyuka kule chini mno, ukapanda kwenye nyufa za ardhi. Hauko pima sita, chini ya mihogo ya mamangu!

— Basi ni lile bomu lililoangushwa Japani, akasema Redio. Mtikisiko ulikuwa njiani tangu mwaka jana. Bahari ni kubwa, mwanangu.

— Kwa hivyo si kisima?

— Ni kisima. Ulikuwa watafuta pa kutokea, Fondo akaufungulia mlango.

Kache akaokota ufito mbichi, akaukunja mbele ya nyuso zao.

— Tazameni. Mwamba chini huko husukumwa miaka na miaka. Hujikunja hivi, huvumilia, huvumilia...

Tak! Ufito ukakatika, mikono yake ikaruka.

— Mmeona mikono ilivyoruka? Ndio mtetemeko huo. Mwamba umekatika mbali, mitetemo ikasambaa kama mawimbi, ikafika Likoni, ikafika hapa. Fondo hakufanya lolote!

— Sawa, akasema Injinia polepole. Na huo mwamba, aliyeukunja ana mikono mingapi?

Benchi zima likacheka. Mwinyihaji alicheka hata akaegemea dele lake la kahawa. Kache akatamani kulia kwa hasira.

— Chekeni! Mamangu sasa hivi yuko dimbwini, anateka maji pamoja na ng'ombe. Mtoto wa jirani yetu Florence anaharisha wiki ya pili kwa maji hayo hayo. Na kesho mwafukia kisima!

Kicheko kikakatika. Mwinyihaji akainamisha dele. Yakatoka mashapo matupu.

— Kahawa imekwisha, mabwana.

Hakuna aliyeinuka. Fondo alikuwa akigeuzageuza kikombe kitupu, na mabega yalikuwa yamemshuka.

— Mwanangu, akauliza kwa sauti ndogo, na ikitetemeka tena nami niko chini?

Kache akafungua kinywa. Asubuhi yote hiyo alikuwa akibishana na sururu. Hakumuuliza hata mara moja mtu aliyeona kuta za udongo zikimwagika pande zote mbili za kichwa chake.

— Sijui, baba. Hata walimu wangu hawajui. Hakuna awezaye kuitaja siku.

Kache akafunga leso kiunoni.

— Basi nitashuka mimi. Baba Fondo, nakuomba unishikie kamba.