Machujio ya Fundi Bomba

Waliokuwepo kijiweni kwenye kahawa: Fundi Saa, ndiye mgonjwa; Fundi Bomba, na skafu yake ya sufu shingoni ingawa jua lilikuwa limeshapanda; Mlinzi, ametoka lindoni hajalala; na mimi, wanayeniita Karani japo nilistaafu zamani. Mvuke wa kahawa ulipanda taratibu kati yetu, tukawa tunaonana kama watu walio nyuma ya pazia.

— Uvimbe wa kifuani madaktari walishautoa, alisema Fundi Saa. Waliniambia hatua ya kwanza. Sasa saratani wameikuta kwenye tezi mbili za kwapa, nimeingia hatua ya pili. Kesho wanataka kuzitoa zilizobaki.

— Wasiguse! alisema Fundi Bomba. Tezi ni chujio, na machujio ndiyo kazi yangu. Likishika uchafu limekusaidia. Ling'oe uone, uchafu wote unaingia nyumbani.

— Si unafunga jingine? niliuliza.

— La nyama, Karani? Linauzwa duka gani?

Mlinzi alisema bila kufumbua macho:

— Chujio wapi! Hicho ni kibanda cha getini. Hatua ya pili maana yake mwizi kaonekana getini, sebuleni bado.

— Na mlinzi akisinzia kama wewe? aliuliza Fundi Bomba.

— Mimi nawaza, bwana.

Tulicheka. Fundi Saa alingoja tumalize.

— Jana nimeota nimeingia kwapani mwangu. Korido ndefu, vyumba vidogovidogo, kila kimoja na taa yake. Kimya, pazuri ajabu. Nikawa nazizima taa moja moja, polepole, nisimwamshe mtu.

— Basi usiende, ndugu yangu, alisema Fundi Bomba kwa upole. Waache walale. Tezi isiyouma haina neno.

Mke wa Fundi Saa alikuwa amefika kumchukua mumewe, amesimama nyuma yetu. Alimtazama sana Fundi Bomba.

— Shemeji, na joto lote hili, hiyo skafu mbona huivui?

Fundi Bomba alipeleka mkono chini ya sikio, pale sufu ilipotuna. Akaikaza zaidi. Sisi hatukuwahi kumuuliza, na tulikuwa tumekaa naye kila asubuhi. Nilimimina kahawa, yalitoka machicha.

Fundi Saa alikwenda, wakazitoa. Anaendelea na matibabu, na saa yangu ameshaitengeneza. Fundi Bomba alikwenda hospitali sauti ilipomkauka.

Amefariki Alhamisi.