Kidirisha Tulichomnyima Bi Tikiti

Mtoto wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Tikiti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1986, wa nne kwa fundi viatu na muuza mkaa. Alizaliwa anapiga kelele na hakuacha.

Alisoma mpaka darasa la saba. Akili alikuwa nayo. Ada ilikwenda kwa kaka zake watatu, na mnawaona pale nyuma, hata kalamu hawashiki.

Tangu 2003 aliuza matikiti nje ya lango la stendi. Mteja akisita, alikata kidirisha cha pembe tatu, akachomoa: "Haya, ona mwenyewe. Ganda halisemi kitu." Sisi ndugu zake hatukubeba tikiti lake hata siku moja bila kidirisha.

Mwaka 2010 aliolewa na dereva wa lori, huyo aliyeinamisha kichwa pale mbele. Abaki hivyo hivyo.

Mwaka 2014 akapata mimba. Tumbo bado dogo, miguu ikavimba, mkojo ukatoka povu. Daktari, mama mmoja mpole, akasema figo zinaumwa, ila ugonjwa gani hajui. Kwa nje magonjwa ya figo yanafanana, dawa hazifanani. Akataka kupitisha sindano mgongoni, atoe kipande cha figo chembamba kama uzi, akipime. Hakuficha: "Damu inaweza kuvuja, mara chache ikavuja sana. Lakini sasa mimba ni changa. Tumbo likikua hatari inazidi, sitathubutu."

Marehemu alitaka. Akaja kuomba ruhusa, maana ndivyo tulivyomlea. Tukaita kikao.

"Tikiti likishakatwa kidirisha halikai," mumewe akasema. "Linaoza na mbegu zake."

Tukacheka, jamani!

"Hilo limeshachumwa, mume wangu," Marehemu akajibu. "Mimi bado niko shambani. Nikikatwa, napona."

"Mdomo huo!" shangazi yake akamkatiza. "Ngoja ujifungue."

Kikao kikangoja dereva arudi safari, kikangoja kaka mkubwa apone mafua. Aliporudi kwa daktari, tumbo lilikuwa limefika kifuani. Akapewa dawa za kubahatisha. Na yeye ndiye aliyeomba radhi: "Samahani, daktari. Wazee walikuwa hawajaamua." Aibu yetu akaivaa yeye.

Mtoto alizaliwa njiti, akapona. Ndipo sindano ikapigwa. Kesho yake Marehemu akarudi nyumbani na plasta ndogo mgongoni. Ugonjwa ulikuwa na dawa yake, ila figo zilishakuwa makovu. Daktari hakusema kwamba kama tungewahi angepona. Alisema tungejua.

Akaishi kwa kusafishwa damu na mashine, akitoka hapo anakwenda kuuza matikiti. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni 2023.

Ameacha mume, kaka watatu, ukoo mzima wa mabingwa wa kungoja, na binti mmoja wa darasa la tatu. Binti huyu akikua, akiambiwa neno na daktari, asituitie kikao. Aulize, asikie, aamue.

Mama yake alale kwa amani. Sisi tubaki macho na aibu yetu.