Niliambiwa Nisifungue

Mwadila, mayu na baba mliokaa hapa. Mwenyekiti wa kikundi kaniomba nieleze nilivyoinuka. Nitaeleza, ila msitegemee sauti ya upole. Hasira ninayo mpaka leo.

Nilikuwa mpiga taipu wa ushirika wa pamba hapa Bariadi. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakajaa, ushirika ukafa, sisi tukaambiwa nendeni nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nikauza ng'ombe waliobaki, nikanunua kompyuta na printa kwa bwana mmoja wa Mwanza, nikafungua kibanda cha uchapaji mtaa wa Somanda. Shemeji zangu wakasema nimechanganyikiwa, mifugo ya kaka yao nimeigeuza televisheni isiyo na taarifa ya habari!

Walimu wakaniahidi mitihani yao niichape. Ila kompyuta haikuwa na programu ya kuandikia. Yule bwana alisema ndani mna programu maalumu ya kuleta nyingine. "Mama, wewe iagize tu, italeta na kusakinisha yenyewe." Akaniachia na sidii zimefungwa kwenye nailoni. "Hizi usifungue. Zikiingia vumbi la pamba, mashine imekufa."

Nikaziweka kabatini na vyombo vya wageni. Nikaiagiza mashine. Ikazunguka weee, mwisho ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kufika inakochukulia. Nikarudia, yale yale. Nikampigia simu yule bwana wa Mwanza.

"Umeiharibu, mama. Nyie wa tapureta mnagonga sana. Andaa hela ya ufundi, nitakuja."

Alikuja? Thubutu! Waliokuja ni shemeji zangu, wameshampata na mtu wa kuinunua kompyuta. Wakanipa mpaka Jumamosi, isipofanya kazi inauzwa. Ndugu zangu, nawaambia, nililia mbele ya wateja bila aibu.

Ijumaa akina mama wa kikundi hiki wakaja kunipa pole. Mmoja wenu, mkulima wa mpunga, yupo hapa anainamisha kichwa, akaniuliza, "Kwani hiyo programu inafuatwa wapi?"

Nikafungua sehemu ya kuchagulia mahali pa kuchukua programu. Pameandikwa mtandao wa intaneti. Intaneti! Bariadi ya wakati ule, simu yenyewe tunapanga foleni posta!

"Sasa zile za kabatini ni za nini?" akauliza.

Nilikwenda kabatini nikachana ile nailoni kwa meno. Nikatumbukiza sidii, nikaiamuru mashine ichukue humo. Ikadai sidii ya pili, nikaipa. Ikaandika imekamilika. Vigelegele vilivyopigwa, waendesha baiskeli walisimama barabarani. Jumamosi shemeji zangu walinikuta nachapa mtihani wa hesabu, wakageuza na mnunuzi wao.

Wiki iliyofuata, bwana wa Mwanza huyo, na mkoba wa ufundi. Akaiona mashine inafanya kazi. Hakushangaa hata kidogo! Aliuliza tu, "Nani kakuambia ufungue?"

Alijua! Siku zote alijua programu imo kwenye sidii, mtu mzima na akili zake, akaniacha nilie ili nimlipe. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya baba zangu.

Wabeja sana, mama wa mpunga. Wabeja, asanteni kikundi kizima. Wengine mnataka niseme nimesamehe. Bado. Ninachowaomba ni kimoja: mtu akikuuzia kitu kisha akakukataza kukifungua, kifungue yeye akiwa bado amesimama hapo hapo.

Nailoni yenyewe hii hapa, ninayo. Pitisheni, kila mmoja aishike.